Somo: Bochia ufuoni, ili watoto wenye ulemavu wazoeane na wenzao

Tukisikia mazoezi ya mtoto mwenye ulemavu, twafikiria viungo tu: anyooshwe mguu, akandwe mkono. Sawa, lakini anayefanyishwa mazoezi uani peke yake atapata nguvu, marafiki hatapata. Tafuteni mchezo usiochezeka bila mwenzio. Kwa hapa Malindi napendekeza bochia, mchezo wa kutupa mipira ikaribie mpira mweupe, uliomo kwenye Paralimpiki (michezo ya dunia ya wenye ulemavu) tangu 1984.

1. Ngojeni maji yapwe. Mchanga mkavu humeza magurudumu. Ule uliolowa hukaza, kiti kikapita. Siku za bamvua, maji yapwapo sana, ufuo huwa mpana zaidi.

2. Mipira ni sita myekundu, sita ya buluu na mmoja mweupe. Soksi zilizojazwa mchanga zatosha.

3. Changanyeni timu. Wasio na ulemavu wawe wachezaji kamili, si wasaidizi.

4. Hapa ndipo penye kazi. Mweupe hutupwa kwanza, kisha kila upande hutupa mmoja kuukaribia. Baada ya hapo, upande ambao mpira wake uko mbali zaidi ndio utupao. Basi kila mara lazima waulizane: wa nani uko karibu? Mtoto atangoja zamu, atanyoosha kidole, atabisha, atakubali kushindwa. Mtu mzima asikimbilie kuamua! Wakikwama kabisa, wapeni kamba wapime wenyewe. Asiyesema aoneshe rangi. Sisi wazazi tuna huruma ya kupita kiasi, twamjibia mtoto kabla hajafungua mdomo.

5. Mkimaliza, kaeni mnywe madafu. Mazungumzo mengi huanzia hapo.

MASWALI

Mzazi, Ganda: Mwalimu, wangu ana usonji, kelele zamtesa.
Jibu: Anza na mwenzake mmoja, yuleyule kila mara, na utaratibu usibadilike. Akizoea, ongeza wa tatu. Jumapili ufuo hujaa watu, epukeni.

Kijana, Maweni: Nami nisiyeona?
Jibu: Kwako ndugu yangu, goliboli, mchezo wa wasioona wa kurusha mpira golini kwa kusikiliza. Watatu kila upande, mpira una kengele, watazamaji kimya. Chezeni ukumbini, maana kusi ikivuma ufuoni kengele haisikiki.

Mama, Shela: Binti yangu ana hali ya Down, ile ya kuzaliwa nayo, apenda kandanda.
Jibu: Acheze, mama. Ila kabla ya kupiga kichwa au kubingirika, daktari amwangalie shingo. Baadhi yao viungo vya juu vya shingo vimelegea.

Baba, Watamu: Tukutane saa ngapi?
Jibu: Saa ya kudumu haitafaa. Maji kupwa huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Waulizeni wavuvi.