Namna ya Kufuatilia Mashindano ya Konferensi katika Hoki ya Barafuni ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Kila mwezi Machi, kabla ya timu 16 kuitwa kwenye mashindano ya kitaifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, vyuo vikuu vya Marekani hucheza mashindano ya mtoano ndani ya konferensi zao, yaani miungano ya vyuo ambavyo vimekuwa vikicheza ligi pamoja msimu mzima. Kwa wanaume wa daraja la kwanza konferensi hizo ni sita: Hockey East, ECAC Hockey, NCHC, Big Ten, CCHA na Atlantic Hockey America. Mechi ni nyingi na huchezwa usiku mmoja katika viwanja tofauti, hivyo mtazamaji mpya hupotea kwa urahisi. Swali moja litamwongoza kuliko takwimu zote: timu hii ikifungwa leo, msimu wake umekwisha au bado una maisha?

Jibu la swali hilo hutegemea namna nafasi za kitaifa zinavyogawiwa. Bingwa wa kila konferensi huingia moja kwa moja, hata kama alikuwa na msimu dhaifu, na nafasi 10 zinazobaki hujazwa na timu zilizo juu katika orodha ya kitaifa inayokokotolewa kutokana na matokeo ya msimu wote. Kwa hiyo, kabla ya kuketi kutazama, fungua orodha hiyo na uzigawe timu katika mafungu matatu. Zipo zilizo juu kiasi kwamba hata zikifungwa zitaitwa tu. Zipo zilizo karibu na mstari wa kukatia, ambazo kila ushindi ni pumzi kwao na kila kipigo ni hatari. Na zipo zile ambazo njia yao ni moja tu, nayo ni kulitwaa kombe. Kundi hili la mwisho ndilo ninalopenda kulifuata, kwa sababu bingwa asiyetarajiwa akipatikana, timu moja ya kundi la katikati, ambayo huenda imekwishamaliza mechi zake na inasubiri nyumbani, hupoteza nafasi yake bila hata kugusa barafu.

Mfano mzuri ni timu ya Chuo Kikuu cha Cornell ya mwaka 2025. Katika ECAC, timu nne za juu hupumzika raundi ya kwanza, na Cornell haikuwa miongoni mwao. Ikapanda hatua kwa hatua, ikaitoa Quinnipiac katika nusu fainali na kuifunga Clarkson 3-1 katika fainali, na kombe hilo ndilo lililompeleka kocha Mike Schafer, aliyekuwa katika msimu wake wa mwisho, kwenye mashindano ya kitaifa. Huko ikaifunga Michigan State 4-3, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Big Ten. Aliyekuwa akiitazama Cornell tangu raundi ya kwanza, huku akijua kwamba kila usiku ungeweza kuwa wa mwisho, alipata raha ambayo msomaji wa matokeo ya asubuhi hakuipata.

Hatua inayofuata ni kuujua mfumo wa konferensi uliyoichagua, kwani mifumo haifanani. Chagua konferensi moja au mbili kwa kuanzia; kuzifuata zote sita kwa pamoja kutakuchosha bila faida. Katika Hockey East kila hatua huamuliwa kwa mechi moja: raundi za mwanzo huchezwa kwenye uwanja wa timu iliyo juu katika msimamo, kisha nusu fainali na fainali huhamia ukumbi wa TD Garden mjini Boston. Katika ECAC robo fainali huwa ni mechi tatu, na anayeshinda mbili ndiye anayesonga, halafu timu nne zinazobaki hukutana Lake Placid, katika jimbo la New York, kwenye ukumbi ule ule ambao mwaka 1980 Marekani iliifunga Umoja wa Kisovyeti katika Olimpiki.

Tofauti kati ya mechi moja na mechi tatu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tarehe 6 Machi 2015, timu ya Chuo Kikuu cha Massachusetts iliifunga Notre Dame 4-3 baada ya vipindi vitano vya nyongeza, dakika 151 na sekunde 42 za mchezo, na hakuna mechi ya hoki ya vyuo daraja la kwanza iliyowahi kudumu zaidi ya hiyo. Hata hivyo ilikuwa mechi ya kwanza tu kati ya tatu. Notre Dame ilishinda mbili zilizofuata na kusonga mbele. Palipo na mechi tatu, basi, usiizike timu kwa sababu ya usiku mmoja. Palipo na mechi moja, kipa aliyeamka vizuri anaweza kuiondoa timu bora ya msimu, kwa hiyo fuatilia mapema ni nani atakayesimama golini.

Muda wa nyongeza nao hubadilika. Wakati wa ligi, sare hufuatwa na dakika tano za wachezaji watatu kwa watatu, mbali na makipa. Katika mtoano timu hucheza watano kwa watano, vipindi vya dakika 20, mpaka bao la kwanza lipatikane. Mikwaju ya kuamua mshindi haipo.

Mchezo wenyewe utautazama vizuri zaidi ukiyaacha macho yasikifuate kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, peke yake. Wachezaji hubadilishana kila baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya dakika moja, na timu isiyopata nafasi ya kubadilisha huanza kuelemewa mbele ya macho yako: magongo yanalala, miguu inakuwa mizito, anayepaswa kukaba anachelewa hatua moja. Katika hali hiyo beki hukipiga kisahani mbali kutoka nusu yake hadi kikavuka mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa. Mwamuzi husimamisha mchezo, kisahani hurudishwa kugombewa karibu na goli la timu hiyo iliyochoka, na sheria huikataza kubadilisha wachezaji, ilhali wapinzani wanaruhusiwa kuingiza watu wenye nguvu mpya. Ukiona hilo likitokea, acha kila kitu utazame sekunde kumi zinazofuata. Jambo hili hujitokeza zaidi katika kipindi cha pili kati ya vitatu vya mchezo, kwa kuwa timu zikishabadilishana magoli, benchi huwa mbali na eneo ambalo timu inajilinda.

Zikibaki dakika mbili au tatu na timu iko nyuma kwa bao moja, kocha humtoa kipa na kumwingiza mshambuliaji wa sita. Hapo swali la mwanzo hurudi kwa nguvu zote. Kocha ambaye kipigo kinamaliza msimu wake anaweza kumtoa kipa mapema zaidi na hata akiwa nyuma kwa mabao mawili, kwa sababu kufungwa mabao mawili au manne ni mamoja kwake.

Fainali zikishachezwa, orodha ya timu 16 hutangazwa. Itazame ukiwa na mafungu yako matatu mkononi, uone ni nani aliyepandishwa na kombe na ni nani aliyesukumwa nje. Waandaaji kwa kawaida huepuka kuzikutanisha timu za konferensi moja katika raundi ya kwanza, kwa hiyo timu zako ulizozizoea zitatawanyika katika vituo vinne, na kila moja itapaswa kupimwa upya dhidi ya wapinzani ambao huenda haijakutana nao msimu huo.