Somo: Skrubu ya cherehani imeliwa kichwa, usiitupe kwanza

Wadau habari zenu, salamu kutoka Mtwara. Leo tuongelee vichwa vya skrubu, maana cherehani zinazoletwa hapa, iwe Singer ya zamani au Butterfly ya kukanyaga, haikosi skrubu mbili tatu ambazo mfereji wake (ule ufa wa kichwani bisibisi inapoingia) umetanuka kingo zote zimelala nje na bisibisi ikiguswa tu inateleza. Watu wanalaumu kutu, na kweli hewa ya bahari huku kwetu, kuanzia Mikindani mpaka Lindi mjini, haina urafiki na chuma. Ila kwa ninachokiona kichwa kinaliwa na bisibisi kabla ya kutu.

1. Anza na bisibisi

Chukua ile bapa ya dukani uitazame kwa ubavu. Ncha ni nyembamba mbele halafu inanenepa kurudi nyuma, yaani kabari. Mfereji wa skrubu kuta zake zimenyooka, kwahiyo kabari inagusa kingo za juu tu na chini kunabaki wazi, ukikaza mkono inapanda yenyewe inatoka na kingo inaondoka nazo. Mafundi wa bunduki Ulaya na Marekani hawagusi kazi na kabari, bisibisi zao ncha imesagwa pande zote mbili mpaka kuta zikawa sambamba, na cherehani za kizamani zina skrubu za mtindo huo huo wa mfereji mmoja, basi tuige.

Huna haja ya kuagiza mbali. Nunua bisibisi yenye chuma kigumu, saga ncha taratibu kwa jiwe, ukitumia grenda chovya kwenye maji kila mara, maana ikishageuka bluu pale mbele ujue chuma kimelainika na itajipinda. Upana uwe sawa na kichwa cha skrubu usizidi, unene ujaze mfereji, urefu ufike chini kabisa. Kipimo changu ni kuichomeka halafu naiachia, ikisimama yenyewe bila kucheza hiyo imekaa. Ndio, utajikuta na bisibisi nne tano kila moja na saizi yake, na usimwazime mtu wa kufungulia kopo la rangi.

2. Kabla hujalegeza

Choma mfereji kwa sindano kuukuu utoe uchafu, kwenye cherehani huwa ni vumbi la uzi lililoganda na oili kavu, ukiliacha ncha haifiki chini. Dondoshea mafuta ya kupenya, WD-40 au changanya hidroliki ya gia otomatiki ile nyekundu (ATF) na asetoni nusu kwa nusu (asetoni inashika moto haraka, kaa mbali na jiko), iache ilale mpaka kesho. Asubuhi chomeka bisibisi, gonga kitako chake kidogo kwa nyundo, jaribu kukaza kwanza kidogo ndio ulegeze. Nguvu nyingi iende chini, ya kuzungusha iwe ndogo. Ikigoma weka ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kichwa mpaka kipate moto sawasawa, ila mafuta yawe yamefutwa yakakauka, ikipoa jaribu tena.

3. Kichwa kishaliwa na haitoki

Paka kidogo ile pesti ya kusagia valvu za pikipiki kwenye ncha, chembe zake zinang'ata chuma, nyingi zinatoka hapo hapo. Ikishindikana ongeza kina cha mfereji kwa kipande cha msumeno wa chuma. Bado? Tindo ndogo yenye ncha kali, iweke ukingoni mwa kichwa, gonga kuelekea upande wa kulegeza. Drili ni mwisho kabisa.

4. Kutengeneza kichwa

Hapa ndio wengi wanaharibu. Skrubu ikitoka na ndevu mtu anakimbilia tupa anazikata, wakati ndevu zile ndio chuma chenyewe cha kingo, hakijapotea kimehama tu. Kirudishe. Bana skrubu kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya alumini au mbao meno yasiumie, chukua nyundo ndogo yenye uso laini, gongagonga taratibu kutoka nje kuja kwenye mfereji. Utaona chuma kinatambaa na mfereji unaanza kuziba. Ukishakaribia kufunga ndio unaukata upya kwa msumeno, bapa lake ni kama milimita 0.6 na mfereji unakuja mpana kidogo kuliko hapo, ukitaka mpana zaidi funga misumeno miwili pamoja. Halafu funga skrubu kwenye drili, izungushe juu ya msasa laini namba 400 kisha 600 mpaka ing'ae.

Ukipenda rangi, iweke juu ya bamba la shaba kwenye jiko la mkaa uikodolee macho: itakuwa njano, kahawia, zambarau, halafu bluu kwenye nyuzi joto kama 300 hivi, hapo hapo itose kwenye oili. Sekunde chache ukizubaa inapauka unaanza upya.

Kwanini shida yote hii? Kwa sababu skrubu nyingi za cherehani meno yake ni ya kipekee, mfano unene wa inchi 9/64 au 11/64 na meno 40 kwa inchi, dukani kwa vifaa vya ujenzi hazipo. Utapewa M4 (ya milimita 4), itaanza kuingia vizuri kisha inakwama, ukilazimisha umekula tundu la mwili wa cherehani na hapo hasara ni kubwa.

MASWALI

Mdau wa Masasi: Fundi, yangu ya Kijapani ina skrubu za nyota na bisibisi ya nyota inateleza japo ni mpya.
Jibu: Mkuu, nyota ya Kijapani sio ile ya kawaida, angalia kichwani mara nyingi kuna kitone kidogo. Tafuta bisibisi ya JIS (kipimo cha viwanda vya Kijapani), au saga kidogo sana ncha ya nyota yako ishuke mpaka chini.

Dada wa Nachingwea: Skrubu ya kubana sindano inalegea kila nikishona yunifomu nzito, niweke gundi?
Jibu: Hapana dada, hiyo unaifungua kila siku. Ibane kwa ncha iliyokaa. Gundi ni kwa zile zisizoguswa, Loctite 222 au 243, nyekundu usiweke. Rangi ya kucha nayo inasaidia.

Mdau wa Kilwa: Mzee ana shotigani ya kulindia shamba na ana kibali, skrubu zimeliwa hivyo hivyo, nimfanyie?
Jibu: Usiifungue ndugu yangu. Ufundi wa silaha una leseni yake chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, mzee aulize polisi wamwelekeze kwa fundi anayetambulika.

Mama wa Newala: Na kile kiskrubu cha kasha la bobini kinachokaza uzi?
Jibu: Kile usikigonge mama, kidogo mno, kitakatika. Kasha jipya ni rahisi kupata, nunua tu, ila nenda nalo la zamani mkalinganishe.