Jioni ya mchango wa makumbusho ya mtaa, Mji Mkongwe: somo zima, hatua kwa hatua

Asalaam alaikum ndugu zangu. Tangu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nimejibu swali hili hili kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limekauka: nyinyi mtaani kwenu mlifanyaje hadi ile nyumba ya kumbukumbu ikapata paa? Kila nikirudia nasahau kitu. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Ninazungumzia shughuli ndogo: wakaazi wa mtaa mmoja ndani ya Mji Mkongwe, Unguja, wanachangia nyumba moja ya kale iliyowekwa vitu vya wazee wao ili watoto wavione. Makumbusho makubwa, ya Kasri la Forodhani na jumba la Mnazi Mmoja, yana Serikali. Haya yetu yana sisi. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia, na Disemba 25, 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ukaporomoka na kuua watu wawili. Ikiwa jumba lile limeanguka, nyumba yenu ya ghorofa mbili isiyojulikana na mtu haina wa kuitazama ila nyinyi.

Hatua ya 1. Kaeni barazani kwanza, watu saba hadi kumi, na angalau nusu wawe wanawake. Wao ndio wanaojua nani ana nini kabatini.

Hatua ya 2. Nendeni kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa wenu. Mkitumia njia au uwanja, nendeni pia kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Hatua ya 3. Chagueni siku. Si Ramadhani, si Ijumaa mchana, si Januari 12, Siku ya Mapinduzi, wala si siku za tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa Februari, maana vijana wenu wote watakuwa kazini huko na mahotelini. Anzeni saa 10:30 jioni, watu wakishasali Alasiri, na mmalize kabla ya adhana ya Magharibi.

Hatua ya 4. Kaeni chini, nje au uani. Msiwapandishe watu ghorofani hata kama chumba cha juu ndicho kizuri. Sakafu zetu zimelala juu ya boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Ncha ya boriti iliyoingia ukutani ndiyo huoza mwanzo, na huko macho hayafiki. Watu sitini wakisimama pamoja kupiga makofi ni mzigo ambao sakafu ile haijaubeba tangu harusi ya mwisho ya wenyewe. Anayetaka kuona vitu vya juu apande na wenzake watano, washuke, wapande wengine. Na msipigilie misumari ukutani kwa ajili ya taa au bango. Fungeni kamba kwenye nondo za madirisha.

Hatua ya 5. Alikeni kwa mdomo, mlango kwa mlango, kama mnavyoalika harusi. Ujumbe wa simu watu husoma na kusahau.

Hatua ya 6. Kahawa chungu, halua, kashata, visheti. Kila nyumba ilete sinia lake. Msitumie senti ya mchango kununua chakula.

Hatua ya 7. Fedha. Hapa someni taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu mimi.

Mara yetu ya kwanza watu walinyanyua mikono mmoja mmoja: laki moja, laki tatu, laki tano. Karani akijumlisha. Mwisho nikasimama na kipaza sauti nikatangaza shilingi milioni tisa na laki mbili. Wanaume wakapiga makofi, mama zetu wakapiga vigelegele. Zilizokuwemo kwenye sinia ni milioni tatu na laki nne. Zilizobaki zilikuwa ahadi, na mimi sikulisema hilo. Nilijiambia kwamba ahadi ni deni, basi ni kama zimeshalipwa. Kesho yake nikamruhusu fundi avue bati ili abadilishe boriti mbovu. Ilikuwa mwanzo wa Machi. Wa laki tano akafiwa, wa laki tatu akasafiri, wengine waliposikia milioni tisa wakaona kazi imekwisha, yao haina haja. Fundi akasimama kwa kukosa fedha ya mbao na chokaa, paa liko wazi, turubai moja tu, nalo lina tundu. Masika yakaingia.

Usiku ule tulibeba vitu gizani, na sinia lile lile la shaba lililopita mbele za watu kukusanya mchango nikaliweka chini ya dari kukinga maji. Lilijaa maji mekundu ya udongo. Asubuhi niliweka kiganja ukutani, lipu ikabaki mkononi mwangu. Na picha moja ya darasa la wasichana, aliyotupa mama mmoja wa Kiponda hali hana nakala nyingine, ilikuwa imerowa mpaka nyuso zimefutika. Nilikwenda kwake mwenyewe kumwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama uso wa dada yake umebaki. Haukubaki.

Kwa hiyo:

Daftari liwe na safu mbili, fedha taslimu na ahadi, na kwenye kipaza sauti isomwe safu ya kwanza peke yake. Ahadi iandikwe na tarehe aliyoitaja mwenyewe kwa mdomo wake. Gaweni kazi vipande: boriti za chumba kimoja, mlango mmoja, ngazi. Kipande hakifunguliwi mpaka fedha yake yote iwe mkononi pamoja na ya turubai zima. Na paa halivuliwi karibu na masika wala vuli, hata fundi akiapa kwamba ni kazi ya siku nne. Ngojeni kusi, mwishoni mwa Juni hadi Septemba.

Hatua ya 8. Hesabu zibandikwe mlangoni mwa nyumba, na risiti zake.

Maswali yenu nayajibu hapa chini.

KIJANA WA VUGA: Kiongozi, kwa hiyo tunaanzia wapi? Na sheha lazima?

Jibu: Hatua ya 1 na ya 2. Lazima.

MPITA NJIA: Ndefu sana hii, fupisha. Halafu zile milioni tatu ziliishia wapi? Watu wa michango tunawajua.

Jibu: Sifupishi, aliyefupisha ndiye aliyevua bati mwezi wa Machi. Fedha zote zimeandikwa na zimebandikwa mlangoni pamoja na risiti ya kila mfuko wa chokaa. Njoo usome, kisha useme ulichokiona.

BINTI MALINDI: Shikamoo. Kwetu kuna walioahidi mwaka jana wakanyamaza. Wengine wanataka majina yasomwe hadharani. Mimi naona ni kumvunjia mtu heshima, lakini sina njia nyingine.

Jibu: Marahaba mwanangu, na umeona sawa. Usiyasome. Ukimtaja mbele za watu hatalipa, na mwakani hatokuja. Sisi huwatuma wazee wawili, mmoja awe wa ukoo wake, waende nyumbani baada ya Isha. Hawaanzi na deni, wanaanza na hali yake. Mara nyingi unakuta mtu aliahidi kwa furaha ya siku ile na mambo yakamgeukia. Basi mwambieni ahadi imefutwa, na muulizeni ana kazi gani ya mkono ya kutusaidia. Aliyeahidi laki tano na kufiwa alituchorea mstari wa umeme wa nyumba nzima, kazi ambayo tungeilipia zaidi ya hiyo laki tano.

FUNDI MDOGO: Mwalimu, kwa nini hamtumii saruji mkamaliza? Siulizi kwa ubishi, nimejifunza ujenzi wa matofali tu na nataka kujua.

Jibu: Swali zuri, na ningependa uje site siku moja. Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Unavuta unyevu na chumvi kutoka chini na kuutoa nje kupitia lipu ya chokaa. Ukipaka saruji unauziba: maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, halafu siku moja lipu inaanguka kipande kizima na kuondoka na jiwe. Chokaa inataka subira. Iloweke wiki kadhaa, ipakwe nyembamba nyembamba, na ukuta ufunikwe kwa magunia yaliyorowa ili usikaukie jua. Ukiligonga lipu likalia kama tupu, hapo limeshaachana na ukuta.

MTOTO WA MKOMANI: Salamu kutoka Lamu, sisi tuliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 na kuta zetu ni hizo hizo. Nyongeza yangu: punda mpangieni siku yake. Tulileta mawe siku ya shughuli yenyewe na wageni wakakosa pa kupita.

Jibu: Ahsante sana ndugu yangu. Kwetu ni rikwama, mkokoteni wa mkono, lakini uchochoro ni ule ule. Vifaa vifike siku mbili kabla.

MJUKUU WA KIPONDA, MUSCAT: Bibi yangu alizaliwa Kiponda. Nataka kuchangia kutoka huku, na nina bahasha ya picha zake za ujana. Nikuletee?

Jibu: Karibu nyumbani mwanangu. Fedha, chagua kitu kimoja, boriti kumi au bawaba za mlango, tukupigie picha ya kazi ikiwa imekwisha. Usitume kwa mtu binafsi, hata mimi. Ngoja namba ya akaunti ya kamati yenye saini mbili.

Picha usituletee asili yake. Hatupokei tena asili ya picha ya mtu yeyote. Iweke karibu na dirisha asubuhi bila jua la moja kwa moja, simu iwe juu yake sawasawa, taa ya simu izimwe, piga mbele kisha piga nyuma. Nyuma usiiache, huko ndiko kwenye majina. Kama bibi yupo, kaa naye akutajie kila mtu kuanzia kushoto, uandike kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Ile picha ya wasichana iliyotuharibikia, nyuma yake mtu aliandika kwa penseli, na majina yote kumi na manne bado yanasomeka.