Kuzalisha kuvu za mizizi kwenye ndoo

Kuvu za mizizi (mikoriza) ni kuvu rafiki zinazoishi kwenye mizizi ya mimea. Mmea huzilipa kuvu hizi sukari na mafuta. Nazo hutandaza nyuzi, nyembamba kuliko vinyweleo vya mizizi, hadi kwenye fosforasi ambayo mzizi wenyewe haufiki.

Changanya lita 9 za mchanga uliopikwa kwa mvuke ukapoa na lita 1 ya udongo wenye vimizizi, uliochimbwa chini ya nyasi za porini. Jaza ndoo yenye matundu, panda mtama, mwagilia miezi 3 hadi 4. Usitie DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi! Hapa ndipo wengi huharibu: mmea ukishiba fosforasi hupunguza malipo, kuvu zikadumaa.

Kata mashina, acha ndoo ikauke wiki 2, katakata mizizi. Unapopanda shambani, tia kijiko kimoja kikubwa cha mchanga huo wenye mizizi kwa kila shimo, kigusane na mbegu. Kabichi na sukuma wiki usihangaike nazo. Hazipokei kuvu hizi.