Umepasuliwa kiungulia sugu na umeshatoka wodini: sasa ule nini, ulale vipi, na boti upande lini

Watu wakisikia umefanyiwa opareshen swali lao ni kidonda tu, kidonda vipi, kidonda kishakauka? Kwa opareshen hii kidonda si lolote, ukiwa umepasuliwa kwa kamera utakuta vitundu vinne vitano tumboni, kila kimoja sentimita moja au hata haifiki, na baada ya wiki mbili hivi vishafunga. Kazi iko kwenye koo na sahani, na hapo ndo watu wanapoharibu.

Mana alichofanya dokta ni kuchukua ile sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo akaizungusha kwenye mwisho wa umio kama kilemba kichwani, akaishona, ili pawe panabana na tindikali isipande tena. Ukiwa na ngiri ya kiwambo, yani tumbo limepenya juu kifuani kupitia tundu la kiwambo, wanaifunga hapo hapo. Wenyewe wanaita Nissen, jina la dokta Rudolf Nissen aliyeitangaza mwaka 1956, ya kutumia kamera imeanza 1991, na kuna wanaozungushiwa robo tatu tu badala ya mzunguko mzima. Sasa pale palipozungushwa panavimba, na ule uvimbe ndo unaobana zaidi kuliko mshono wenyewe, kwa hivo wiki za mwanzo hata maji unayasikia yanavyopita. Kwa wengi unapungua wiki ya nne mpaka ya sita, wengine miezi mitatu, usianze kulia kuwa wamekukaza sana.

Siku za mwanzo ni vya maji maji tu, supu iliyochujwa, dafu, chai isiyo moto sana. Baada ya hapo uji, na uji wenyewe si ule wa kumwagia mtu bakuli likajaa. Chukua mchele upike na maji mengi mpaka punje zipasuke, tia maziwa au tui jepesi, piga kwenye blenda alafu upitishe kwenye chujio lile lile la tui, kile kinachobaki juu ya chujio usikirudishe kwa kuona huruma, mpe mtoto. Pilipili manga kidogo kwa harufu haina neno lakini ndimu, ukwaju na embe bichi ziache kwanza.

Dokta akikuruhusu vyakula laini hapo Zanzibar tuna bahati, mana vyetu vingi vinapondeka. Mseto wa chooko ulopikwa ukalegea, mbatata za kuponda na maziwa, boga la nazi, ndizi mbivu za nazi zilizoiva kweli kweli, changu wa mchuzi aliyechambuliwa miba akavurugwa na uma ndani ya mchuzi wake. Bokoboko pia zuri lakini lipigwe mpaka nyuzi za nyama zisionekane. Boflo sasa ndo adui, watu hudhani mkate ni laini basi salama, kumbe ukishatafunwa linakuwa donge moja linalonata na likifika pale penye mshono halitoki. Chapati, maandazi, mkate wa kumimina, ugali, wali mkavu, vyote kundi moja. Mishkaki na pweza mwisho kabisa, na hata baadae ukate vidogo vidogo utafune mpaka uchoke. Urojo najua utauliza, ule una asidi na pilipili alafu bhajia na chipsi ndani, subiri mpaka unakula vya kawaida bila kukwama ndo uombe kikombe kidogo, na bhajia ziloweke kwanza.

Namna ya kula ni muhimu kuliko chakula chenyewe. Kibakuli kidogo mara sita kwa siku, kijiko cha chai, umekaa wima, nusu saa nzima, huongei huku unatafuna, na ukisikia kifua kinajaa weka kijiko chini hata kama njaa bado ipo. Usiende kulala mpaka yapite masaa mawili matatu. Dafu usinywe kwa mrija mana unavuta hewa, bablishi hivo hivo, na soda ndo usiiguse kabisa wiki hizi. Gesi ikishaingia kutoka juu ni tabu, mbweu haiji au inakuja kidogo sana, tumbo linajaa ngoma, basi inashuka chini, na itashuka kwelikweli, jamaa nyumbani wavumilie. Kutembea kunasaidia sana kwenye hili, zunguka uani tokea siku ya kwanza.

Tonge likikwama utalijua, linakaa katikati ya kifua, mate yanajaa mdomoni, jasho linakutoka. Usilisukume na maji na usitie kidole kujitapisha. Simama, tembea pole pole, tema mate, mara nyingi linashuka lenyewe. Yakipita masaa na hata mate hayapiti, hiyo ni hospitali.

Kutapika ndo kitu cha kuogopa zaidi wiki za mwanzo, ile nguvu ya kujikamua inaweza kulegeza mshono wote au kuusogeza. Na hapa ndo inakuja habari ya boti. Ukiwa umepasuliwa Dar na kwenu ni Wete au Mkoani, usikimbilie kurudi siku ile ile uliyotolewa wodini, kaa kwa ndugu huko huko Dar mpaka dokta akubali safari, hasa wakati wa kusi mkondo wa Pemba ukichafuka hata mabaharia wanatapika. Mwambie dokta mapema kuwa utapanda boti akuandikie dawa ya kichefuchefu, umeze kabla ya kuondoka si katikati ya mawimbi, ukae chini upande wa nyuma ambako haipandi sana. Mwenye uwezo wa ndege apande ndege.

Dawa nyengine omba za maji au za kuyeyusha, vidonge vikubwa vinakwama. Lakini usisage kila kitu kwenye kinu, omeprazo, ile ya kupunguza tindikali, na zile za kufanya kazi masaa mengi hazisagwi, muulize mfamasia. Diklofenaki usijinunulie dukani kwa ajili ya maumivu. Bega likikuuma siku mbili tatu usishtuke, ile gesi waliyojazia tumbo wakati wa opareshen ndo inachokoza kiwambo na maumivu yanasikika begani, inaisha. Kulala inua kichwa kwa mito miwili mitatu.

Mizigo sasa. Kilo tano basi, kwa wiki sita. Ndoo ya maji ya lita ishirini haimo, polo la mwani la Paje haimo, gunia la karafuu ndo usiliangalie. Watu wanasahau na kukuna nazi, ukikaa juu ya mbuzi umejikunja na unasukuma, tumbo lote linabanwa, mwachie mtu mwengine. Choo kigumu vile vile, usijikamue, kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Sala kaa kwenye kiti ikiwa rukuu na sijda zinakuuma, mgonjwa karuhusiwa. Na Ramadhani ikikukuta katikati ya wiki hizi kula, utalipa ukipona, mwenye kutakiwa ale mara sita hawezi kukaa mchana mzima alafu magharibi akashindilia futari.

Wageni ndo mtihani wangu mkubwa kuandika, mana wanakuja kwa mapenzi. Shangazi kaja na sahani ya biriani, anasema mwanangu umekonda, kula japo tonge. Kupungua kilo kadhaa mwezi wa kwanza ni kawaida, wengi wanapungua. Weka mtu mmoja wa nyumbani awe ndo anapokea sahani mlangoni, anashukuru, anasema mgonjwa atakula baadae, sahani inaenda jikoni wanakula wengine, hakuna aliyevunjiwa heshima.

Usingoje asubuhi ukiona homa, kidonda kinatoa usaha, kifua au tumbo linauma linazidi, pumzi inakatika, muundi mmoja umevimba na unauma, choo cheusi, au unatapika hakuishi. Kiungulia kikirudi baada ya miezi rudi kwa dokta akupime, usijianzishie omeprazo mwenyewe. Na ile karatasi ya opareshen ipige picha iwe kwenye simu yako na ya mkeo au mumeo, ukizidiwa usiku Micheweni ukapelekwa hospitali ya karibu, dokta wa zamu hakujui wala hajui umezungushiwa nini ndani.