Programu inaanguka baada ya kuhamishwa? Kagua staki za nyuzi na segimenti za kumbukumbu

Programu ya C iliyokuwa ikitembea vizuri kwenye Linux ya glibc (maktaba ya msingi ya C) imehamishiwa musl (maktaba nyingine ya aina hiyo), macOS au mashine ya ARM. Imekompailiwa bila onyo hata moja, kisha ikafa kwa SIGSEGV (kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) mara tu uzi (thread) wa pili ulipoanza. Kabla ya kuilaumu kompaila, pima staki, yaani kumbukumbu ambamo kila uzi huweka vigeu vya ndani vya fanksheni zake.

glibc hufuata `ulimit -s` (kikomo cha staki), ambayo kwa kawaida ni MB 8, hivyo kila uzi mpya hupata nafasi tele. musl hutoa KB 128 tu. macOS hutoa KB 512 kwa nyuzi zisizo kuu. Sasa tazama mstari huu ndani ya fanksheni ya uzi:

`char bafa[262144];`

Hizo ni KB 256: glibc haishtuki, macOS inaimudu, musl inakufa hapo hapo. Bafa kubwa namna hiyo ihamishie kwenye `malloc`, au omba staki waziwazi:

```
pthread_attr_t sifa;
pthread_attr_init(&sifa);
int kosa = pthread_attr_setstacksize(&sifa, 2*1024*1024);
```

Halafu mpe `pthread_create` hiyo `&sifa`. Usiache kukagua `kosa`: macOS hurudisha EINVAL (kosa la thamani batili) saizi isipogawanyika kwa ukurasa wa kumbukumbu (kipande ambacho mfumo hugawia kumbukumbu), na uzi hubaki na staki ileile ndogo bila kelele. Kama uzi unaanzishwa ndani ya maktaba usiyoweza kuigusa, kwenye musl linki programu kuu kwa `-Wl,-z,stack-size=2097152`.

Ukubwa wa ukurasa nao ni mtego. x86 hutumia baiti 4096, Mac za ARM 16384, na baadhi ya kerneli za Linux za ARM64 hufika 65536. Aliyeandika 4096 kwa mkono atapata EINVAL kutoka `mmap` (wito wa kupachika faili kwenye kumbukumbu), kwa sababu mahali pa kuanzia kwenye faili lazima pawe kizidisho cha ukurasa. Iulize mashine yenyewe:

```
long uk = sysconf(_SC_PAGESIZE);
off_t msingi = mwanzo - mwanzo % uk;
```

`mwanzo` ni mahali unapotaka kuanzia kwenye faili. Pachika kuanzia `msingi`, ongeza tofauti (`mwanzo - msingi`) kwenye urefu, kisha isogeze pointa kwa tofauti hiyohiyo. Maktaba za `.so` zikague kwa `readelf -lW`: mistari ya LOAD ikionyesha Align 0x1000, kerneli yenye kurasa za KB 16 inaweza kuikataa maktaba hiyo. Linki upya kwa `-Wl,-z,max-page-size=16384`.

Kwenye kumbukumbu ya pamoja (inayotumiwa na michakato zaidi ya mmoja), usihifadhi pointa kamwe. Kila mchakato huipachika segimenti kwenye anwani yake, kwa hiyo hifadhi umbali kutoka mwanzo wa segimenti. `long` ni baiti 8 kwenye Linux ya biti 64 lakini 4 kwenye Windows, basi tumia `int64_t` na ufunge saizi ya struct kwa `_Static_assert`. Kwenye macOS, `sem_init` (ya kuanzisha semafori isiyo na jina) haifanyi kazi (tumia `sem_open`), na jina la segimenti unalolipa `shm_open` lisizidi herufi 31.

Ikibaki hitilafu inayotokea ARM peke yake, tena kwa nadra, shuku bendera ya `volatile int tayari`, ambayo uzi mmoja huiandika kuujulisha mwingine kwamba data iko tayari. x86 haipangui mpangilio wa uandishi kwenye kumbukumbu, ARM huupangua, na `volatile` haizuii. Ifanye `atomic_int`, mwandishi atumie `memory_order_release`, msomaji `memory_order_acquire`. Kompaili kwa `-fsanitize=thread` (kikaguzi cha makosa kati ya nyuzi), hata kwenye x86: kosa hilo huonekana huko pia.