SOMO: Kuandika familia ya kitajiri kwenye simulizi za mashabiki ikaaminika

Kila anayeanza kuandika simulizi ya mashabiki huja na swali lile lile: "Wasomaji wanasema familia yangu ya kitajiri haiaminiki, nifanyeje?" Nimelijibu kwa vipande mno. Leo naliweka lote hapa. Mwenye swali asome kwanza mpaka chini.

Somo linawahusu wanaochukua wahusika wa tamthilia za Kituruki, za Kikorea au za kwetu na kuwahamishia Dar es Salaam. Unayewaacha kwao, angalia majibu ya maswali.

HATUA YA 1. Chagua mtaa na uutaje: Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Mbezi Beach. "Jumba la kifahari nje kidogo ya jiji" halipo popote.

HATUA YA 2. Amua pesa inatoka wapi kabla hujampa mhusika jina. "Kampuni kubwa ya kimataifa" si jibu. Malori ya mizigo ya Zambia na Kongo ni jibu. Vituo vya mafuta, kinu cha unga, duka la jumla Kariakoo, hoteli Arusha, uwakala wa forodha bandarini, yote ni majibu. Ukishachagua, mazungumzo ya mezani yanakuja yenyewe. Familia ya malori haikai ikataja "dili la mabilioni". Simu inaita watu wakiwa wanakula kwa sababu magari matatu yamelala mpakani Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, dereva anaomba pesa ya njiani na mwenye mzigo Lubumbashi anatishia kukata malipo. Ikikaribia tarehe 20 ya mwezi mhasibu haongeleshwi, maana ritani ya VAT inasubiriwa mamlaka ya mapato, TRA. Tajiri huyu ana mali nyingi na bado kuna wiki hana pesa mkononi, kwa kuwa imezama kwenye matairi, dizeli na marejesho ya benki. Ukimwandika hivyo, tishio la kufilisika litamtisha na msomaji.

Umri nao. Mkurugenzi mtendaji wa miaka 24 aliyejenga himaya peke yake, mwache. Kwenye biashara za familia mzee hushikilia saini ya benki mpaka afya imkatalie. Kijana aliyerudi na shahada kutoka Uingereza au Malaysia anaanzia ghalani akihesabu mzigo, au kwenye uhasibu chini ya baba mdogo ambaye hakusoma lakini anajua kila dereva kwa jina. Ugomvi wa nani awe na saini benki unabeba sehemu kumi za simulizi bila bastola wala utekaji.

HATUA YA 3. Nyumba: geti, ukuta wenye nyaya za umeme juu, jenereta, kisima na matanki ya maji, mita ya umeme ya LUKU (na tajiri hununua tokeni). Marumaru ukizitaja mara moja zinatosha. Weka sebule mbili, ya wageni ambayo watoto hawaruhusiwi kukaa, na ya familia ambako televisheni haizimwi.

HATUA YA 4. Watu waliomo ndani. Kosa linalojirudia ni baba, mama, mtoto mmoja wa kiume, na watumishi ishirini wenye sare. Geuza. Watumishi wawili mpaka wanne: dada wa kazi, dereva, mtunza bustani anayekuja kwa siku maalumu, na mlinzi wa kampuni ya ulinzi pale getini. Ndugu ndio wawe wengi. Kuna binamu anayesoma chuo, mtoto wa shangazi aliyeletwa asome sekondari, bibi aliyekuja kutibiwa akabaki, mjomba asiye na kazi maalumu lakini anajua siri zote. Utajiri wa kwetu hujaza nyumba, na ada za watoto wasio wako ni sehemu ya heshima yako. Mhusika tajiri anayeishi peke yake kimya ghorofani, mwandikie sababu.

HATUA YA 5. Salamu na chakula. Mtoto wa tajiri humwamkia dereva mtu mzima shikamoo, na asipofanya hivyo mama yake ndiye anayeaibika. Usiku wanakula ugali, samaki na mchicha, au wali wa nazi. Steki na divai ni za hotelini na wageni wa kazi.

HATUA YA 6. Ndoa ya mkataba. Hapa ndipo simulizi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa. Mpango mnaujua: tajiri anamlipia binti deni la hospitali, wanasaini ndoa ya mwaka mmoja mbele ya wakili, kesho yake wanaishi pamoja, mwaka ukiisha anamwekea karatasi za talaka mezani asaini.

Kwa Tanzania kila kipande cha mpango huo kinagota. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, inaitambua ndoa kama muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Ndoa yenye tarehe ya mwisho haimo humo. Wakili kwa uwakili wake hafungishi ndoa. Wanaofungisha ni msajili, kiongozi wa dini mwenye leseni, au watu wa mila kwa utaratibu wa mila. Notisi hutolewa siku 21 kabla, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kutoka ni kugumu zaidi. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, huwezi kufungua shauri la talaka bila ruhusa ya mahakama. Kwa kawaida mnaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, likishindwa linatoa hati, ndipo mahakama isikilize na igawe mali mliyochuma pamoja. Talaka ya Kiislamu nayo inatakiwa ipite njia hiyo ndipo itambulike kisheria. Hakuna karatasi ya kusaini mezani ikawa talaka.

TAHADHARI:
Usimfanye wakili wa familia kuwa mjinga. Wakili aliyemsimamia tajiri huyu miaka yote angemwambia haya dakika ya kwanza.

Usifute mkataba wote. Karatasi ya siri baina yao inaweza kuwapo, ila mahakamani haina nguvu, na utamu uko hapo hapo. Siku binti anapogundua kwamba karatasi haimfungi yeye lakini ndoa inamfunga tajiri, nguvu inahamia upande wake. Sehemu hiyo iandike polepole.

Usiwasahau ndugu. Posa bila mshenga, bila barua, bila mahari na bila wajomba kuulizwa haiwezi kupita kimya. Kama imefichwa, tuonyeshe imefichwaje na nani alilipwa anyamaze.

HATUA YA 7. Wosia. Acha kumfanya mzee abadilishe wosia jioni kwa hasira na asubuhi mtoto yuko barabarani. Kwanza, majengo na malori yakiwa ya kampuni, mzee harithishi malori, anarithisha hisa zake. Pili, jua familia yako inafuata sheria gani. Mwislamu anaweza kuusia mpaka theluthi moja tu, na isiwe kwa anayerithi tayari; kilichobaki kinagawanywa kwa mafungu yanayojulikana. Kwa sheria ya mila, Tangazo la 1963 linataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, na wa mdomo wanne. Kumnyima mrithi lazima sababu itajwe, na huyo mrithi apewe nafasi ya kujitetea mbele ya mwenye wosia au baraza la ukoo. Mnaona zawadi hiyo? Mtoto anayekaribia kunyimwa anasimama mbele ya baba na wazee kujitetea. Hakuna tukio la tamthilia linaloshinda hilo, na mnaliruka kila siku ili wakili asome karatasi makaburini.

HATUA YA 8. Sherehe. Tajiri naye ana kamati ya harusi, mwenyekiti, mweka hazina na michango. Anaweza kulipa yote mwenyewe, lakini asipochangisha watu watasema anajitenga. Barua ya posa, kicheni pati, sendofu, ndipo harusi. Usiviruke.

MASWALI

Dulla Simulizi: Mkuu naomba orodha ya magari 10 ya matajiri nikopi fasta.
JIBU: Hatua ya 2. Pesa ikijulikana, gari linajulikana. Mwenye malori anapanda Land Cruiser. Orodha sitoi.

Binti wa Kimara: Kwani siwezi kuandika tu wamesaini kwa wakili yakaisha? Ni hadithi.
JIBU: Hatua ya 6 imejibu hilo. Hujaisoma.

Binti wa Kimara: Nimeisoma. Nasema ni burudani, nani anaangalia vifungu vya sheria?
JIBU: Anaangalia msomaji ambaye dada yake ameshaitwa baraza la kata, na hao ni wengi. Hakuna aliyekukataza kubuni. Buni mtu anayeivunja sheria na umwonyeshe akihangaika kuivunja. Ukijifanya haipo, tatizo la mhusika linaisha bila yeye kufanya lolote.

Mama Ilham, Tanga: Mwalimu, mzee wangu anafariki sehemu ya 14. Msiba wa tajiri una tofauti gani na wetu? Sitaki kuandika suti nyeusi na miwani.
JIBU: Dada, asante kwa swali hili. Tofauti iko kwenye wingi, taratibu ni zile zile. Turubai linafungwa uani au barabarani mbele ya geti, viti vya kukodi, wanaume nje, wanawake kwenye mikeka na magodoro ndani, na fanicha za ile sebule ya wageni zimetolewa zote. Mpishi wa kukodi yupo, lakini majirani na ndugu bado wanachambua mchele. Daftari la rambirambi liko mezani na mtu anayeaminika, kila jina na kiasi vinaandikwa, na daftari hilo litasomwa tena mwenye jina atakapofiwa. Kama ni Mwislamu, maziko ni siku hiyo hiyo au kesho yake, hivyo mtoto aliye London pengine hatawahi, na hilo peke yake ni tukio. Kama ni Mkristo wa Kilimanjaro au Kagera, mwili unasafirishwa nyumbani, na kuna kikao cha bajeti: mabasi mangapi, nani anapanda ndege, nani anasoma wasifu. Ugomvi mkubwa huwa wapi azikwe, na wa pili ni wasifu, hasa kama kuna mtoto wa nje asiyetajwa. Pesa hazionekani msibani mpaka aje mtu kudai deni.
Baada ya hapo kikao cha familia kinapendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake unapelekwa mahakamani. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama Kuu ana miezi 6 ya kuwasilisha orodha ya mali na mwaka 1 wa kuwasilisha hesabu. Hizo tarehe mbili zitumie kama saa ya simulizi yako.

Kalamu ya Ziwa, Mwanza: Wa kwangu wamebaki Seoul. Mrithi ana miaka 23, mwenyekiti wa kundi la makampuni, baba kafariki kamwachia zote. Kuna shida?
JIBU: Ziko tatu, na zote zitakusaidia. Moja, wanaume wa Korea Kusini wana utumishi wa jeshi, takribani miezi 18 kwa jeshi la nchi kavu. Useme alitumikia lini, au kwa nini hakutumikia, maana raia hulifuatilia kwa hasira wakisikia mtoto wa tajiri kaponea. Mbili, watoto wengine wana fungu lao la chini kisheria, nusu ya kile ambacho wangepata bila wosia, na wanaweza kulidai. Tatu, kodi ya urithi inafika asilimia 50 kwa daraja la juu. Lee Kun-hee wa Samsung alifariki Oktoba 2020, na 2021 familia ilitangaza kodi ya zaidi ya won trilioni 12, ilipwe kwa mafungu sita ndani ya miaka mitano. Mrithi wako basi anaanza na deni, na ili alilipe huenda auze hisa, na akiuza anapunguza kura zake. Simulizi yako imeshapata injini.

Nasra Z.: Na Istanbul? Kule si kweli wanaishi ukoo mzima kwenye jumba la ufukweni?
JIBU: Majumba ya mbao ya Bosphorus, yaitwayo yalı, yapo kweli, ila ni machache na ghali kupita kiasi. Chunguza madogo: viatu huvuliwa mlangoni, na siku za sikukuu vijana humbusu mkubwa mkono kisha huugusisha kwenye paji la uso. Siku ya posa binti ndiye anayeleta kahawa, na ya bwana harusi mara nyingi hutiwa chumvi. Akiinywa bila kukunja uso amefaulu. Kisheria ndoa ni ya kiserikali, nikahi ya imamu peke yake haitoshi. Na watoto wana fungu lililolindwa, nusu ya haki yao, kwa hiyo baba wa Istanbul naye hamnyimi mwanawe kila kitu kwa kalamu moja, isipokuwa kwa sababu nzito zilizotajwa na sheria.

Mpambaji wa Kumbi: Nyongeza hatua ya 8. Kadi huwa za singo (mtu mmoja) na za dabo (watu wawili), na aliyechangia kidogo akapewa singo wakati mke wake amekaa naye kwenye kamati, hapo pana ugomvi wa wiki. Pia MC wa harusi kubwa huwekwa mapema kuliko keki.
JIBU: Hii naichukua. Watu wa kamati waandike zaidi.

Dulla Simulizi: Mkuu nimesoma sasa. Mhusika wangu Mkorea anahamia Dar ananunua nyumba Masaki kwa jina lake, anamwekea mchumba. Sawa?
JIBU: Sasa tunazungumza. Si sawa. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji. Apange, au anunue kwa jina la mchumba, ambaye ni raia. Ukichagua la pili, hati ni ya binti, na wakigombana kabla ya harusi Mkorea ndiye anayefungasha. Wakishaoana na nyumba ikawa ya ndoa, kuiuza au kuiweka rehani kunahitaji idhini ya mwenzake, kwa hiyo yule mjomba anayetaka kuikopea benki kwa siri atakwama dirishani. Mwandike akiwa amebeba fomu ya idhini yenye saini ya kughushi.